Sura yako, milimita zako

Wasee, kabla ucheke jamaa wa studio anayepima kapicha kako kwa rula, skia historia kidogo.

Mwaka 1915 Uingereza ilianza kudai picha kwenye pasipoti za raia wake. Mwaka huo huo, serikali ya kikoloni hapa kwetu ikapitisha sheria ya kipande, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alichukuliwa alama za vidole, akavaa karatasi yake shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Picha? Hakuna. Mzungu alijulikana kwa uso, babu zetu kwa kidole.

Halafu kuja Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992, ikapokea vijana waliotembea kutoka Sudan. Karibu 3,800 kati yao baadaye wakachukuliwa Marekani. Hapo ndio uso ukawa na vipimo: viza ya Marekani inataka inchi 2 kwa 2, pasipoti ya Canada milimita 50 kwa 70, ya Uingereza 35 kwa 45.

So ukifungua studio Lodwar ama Kakuma, kifaa cha kukatia si mapambo. Makasi huyumba. Wembe na rula zinafanya kazi, lakini vidole vyako viko hatarini. Ile mashine ya kugonga picha ya pasipoti ni ya haraka, shida inatoa saizi moja tu, na hapa kila mteja ana nchi yake. Gilotini ya mkono inakata karatasi kadhaa pamoja, lakini kama haina kibano karatasi inateleza, ukingo unaenda mshazari.

Mimi nasema anza na kikatio cha gurudumu, saizi ya A4, chenye kibano na rula ya milimita. Blade yake inazunguka ndani ya kifuniko, inaacha ukingo safi. Kabla ulipe, uliza blade za akiba zinapatikana wapi, juu Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120. Na ukifunike usiku. Mchanga wetu unakwaruza picha.

Fomu ikirudishwa juu ya milimita tatu, wewe unapoteza karatasi moja. Mwenye uso anarudi mwisho wa foleni, na wengine wamekaa kwa hiyo foleni miaka.