Kipokezi Kilichojulikana Kabla ya Homoni Yake

Chembe sahani, ambazo hukusanyika penye jeraha la mshipa na kuzuia damu isiendelee kuvuja, hutokana na seli kubwa za uboho wa mifupa ziitwazo megakariosaiti, kama alivyobainisha daktari Mmarekani James Homer Wright mwaka 1906. Kilichobaki fumbo ni namna uboho unavyopata habari kwamba chembe hizo zimepungua. Mwaka 1958 Endre Kelemen wa Hungaria na wenzake waliipa homoni iliyodhaniwa kufanya kazi hiyo jina la thrombopoietini, lakini kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyefaulu kuitenga.

Ufumbuzi ulitokea upande usiotazamiwa. Mwaka 1986 Françoise Wendling na wenzake nchini Ufaransa walieleza virusi vinavyowasababishia panya saratani ya damu, na mwaka 1990 ikabainika kuwa virusi hivyo vilibeba kipande cha jeni ya panya wenyewe. Jeni ya binadamu inayolingana nayo, MPL, ilipotambuliwa mwaka 1992, ilionekana kuwa ni ya kipokezi, yaani protini inayopenya utando wa seli, ambayo sehemu yake ya nje hupokea homoni na sehemu yake ya ndani huamsha vimeng'enya vinavyopitisha amri ya kukua na kugawanyika. Kipokezi kikawa kimejulikana ilhali homoni yake bado haijulikani, na baadhi ya watafiti wakakitumia kama chambo hadi thrombopoietini ikanaswa mwaka 1994, katika maabara kadhaa karibu kwa wakati mmoja.

Dawa za mwanzo ziliiga homoni yenyewe, na hapo ndipo zilipokwama. Kati ya watu 325 wenye afya waliojitolea kujaribu mojawapo, 13 walitengeneza kingamwili zilizoishambulia pia thrombopoietini yao ya asili, hata chembe sahani zao zikapungua, na majaribio yakasitishwa. Watafiti wakageukia molekuli zisizofanana na homoni lakini zenye uwezo wa kukiamsha kipokezi kilekile. Romiplostimu, inayodungwa chini ya ngozi, hushika sehemu ya nje ya kipokezi, ilhali eltrombopagi, ambayo ni kidonge, hushika sehemu iliyozama ndani ya utando, na kwa hiyo haigombanii nafasi na homoni. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa wagonjwa ambao kinga ya mwili wao huharibu chembe sahani.

Kipokezi hicho kina upande wake wa hatari. Mwaka 2006 iligunduliwa kuwa badiliko dogo katika jeni ya MPL hukifanya kitoe amri bila kungoja homoni, hivyo uboho ukazalisha seli kupita kiasi na hatimaye kujaa makovu. Wagonjwa wa namna hii huhitaji kinyume cha dawa zilizotajwa, na ruxolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hukikabili kipokezi kwa ndani, kwa kuvizuia vimeng'enya vya JAK vinavyopokea amri zake.