Wahunzi wa Mamba na historia ya kukunja chuma Kilimanjaro

Penye jengo linaloinuka mjini Moshi hapakosi fundi wa nondo. Anapachika chuma cha milimita 6 kati ya misumari minene iliyopigiliwa kwenye ubao, anavuta, anageuza, na ringi imekamilika. Kazi hiyo huonekana ya juzi, kana kwamba ilikuja na saruji. Kumbe miteremko ya Kilimanjaro imekunja chuma tangu enzi za mababu, na kila anayetaka mikono yenye nguvu ana la kujifunza humo.

Chuma cha Wachagga kilitoka kwa majirani. Huko Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, wahunzi wa ukoo wa Washana walitumia mchanga mweusi wenye madini uliookotwa vijitoni na kuyeyushwa kwa makaa. Simulizi alizozikusanya Profesa Isaria Kimambo, zilizochapishwa mwaka 1969, zinaeleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Utawala ukaondoka, ufundi ukabaki.

Chuma hicho kilipanda mlimani hadi kwa wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu. Msaidizi alivukuta moto kwa mifuko ya ngozi mpaka chuma kikawa chekundu, na mhunzi akakifua kuwa jembe, kisu au mkuki. Uhunzi ungalipo Mamba hadi leo, na chuma chakavu ndicho malighafi yake.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilileta seng'enge. Mvumbuzi Joseph Thomson alipopita Taveta mwaka 1883 akielekea Umasaini, wapagazi wake walibeba mizigo ya waya huo kwa ajili ya hongo na biashara. Wanawake wa Kimasai waliuzungusha mikononi na miguuni kama pambo. Kisha reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na chuma cha viwandani kikapata njia nyepesi ya kufika mlimani.

Ulaya nako, kukunja chuma bila moto kuligeuka maonyesho. Alexander Zass, aliyezaliwa Vilnius mwaka 1888, alitekwa na Waaustria katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye alipata umaarufu Uingereza kwa jina la Samson, akikunja vyuma na kukata minyororo mbele ya watu. Alisisitiza kwamba siri ni kano, si ukubwa wa misuli.

Fundi wa nondo anaijua hesabu yake kwa mikono. Kwa chuma cha aina moja, nondo ya milimita 12 hudai nguvu mara nane ya ile ya milimita 6. Kipande kifupi ni kigumu zaidi, maana mkono unakosa wenzo. Ndiyo sababu fundi huchomeka bomba kwenye ncha ya nondo nene.

Basi anayeanza mazoezi ya kukunja chuma achukue chuma chembamba na kirefu, akifunge kitambaa kinene, akikunje taratibu, na asiongeze unene kabla vifundo vya mikono havijazoea. Kano hukomaa polepole kuliko misuli, na anayezikimbiza huumia. Wahunzi wa Mamba hawakukishinda chuma kwa hasira. Walikisoma kwanza, wakajua kinakubali wapi, ndipo wakatia nguvu. Ufundi huo unastahili kufundishwa katika shule zetu za mlimani, kwa heshima ileile tunayolipa somo la historia ya machifu.