Henza Haitaki Kamba ya Kubahatisha

Juma hili nazungumzia kamba. Msicheke. Abiria wa jahazi huuliza habari za upepo na nauli, lakini ni nadra kuuliza habari za henza, ile kamba inayoning'iniza foromali pamoja na tanga zima juu ya vichwa vyao. Ikikatika, lile gogo halichagui wa kumwangukia.

Zamani jibu lilikuwa kumbi la nazi. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinasema bandari ya Rhapta ya pwani yetu ilipewa jina kutokana na mashua zake za kushonwa. Mitepe ya Lamu nayo ilishonwa kwa kamba za makumbi. Makumbi hufukiwa miezi kadhaa katika matope ya pwani, kisha akina mama huyaponda na kuyasokota. Kamba hiyo huelea, na chumvi haiisumbui sana. Ila hurefuka, na tanga likalegea.

Ikaja katani. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ni 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, kamba za Manila ziliadimika na katani yetu ikatafutwa kama dhahabu. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna karibu tani 230,000. Baada ya hapo kamba za viwandani zikashusha bei, na yaliyowapata watu wa Tanga yanajulikana.

Mimi simlaumu baharia aliyeiacha katani. Inaoza, na ikilowa huwa ngumu kama fimbo. Ninacholalamikia ni kwamba dukani kila kamba ya kiwandani huitwa "nailoni". Nailoni yenyewe hurefuka sana ikivutwa: ni nzuri kwa nanga, mbaya kwa henza. Henza inataka poliesta, isiyorefuka ovyo. Demani nayo, kwa kuwa hushikwa mkononi saa nyingi, inataka kamba laini na nene kidogo. Ile nyepesi ya rangi ya buluu, ya polipropilini, ndiyo rahisi kuliko zote. Lakini jua huila, na ikisuguana kwa nguvu kwenye gofia huyeyuka.

Halafu kuna kuunga. Fundo laweza kuipunguzia kamba hata nusu ya nguvu zake, ndiyo maana mabaharia hufumua misokoto mitatu ya ncha na kuichopeka kati ya misokoto ya kamba yenyewe. Kwa makumbi na katani, kuchopeka mara tatu kulitosha, kwa kuwa nyuzi zake hukwaruzana na kung'ang'aniana. Kamba ya kiwandani inateleza; inataka mara tano. Wapo wanaoiunga mpya kwa hesabu ya babu, na kiungo hutoka polepole, siku ya upepo.

Wakaguzi wa vyombo huhesabu maboya ya kujiokolea, na ni vyema. Naomba wakiwa humo wainue macho hadi kwenye gofia, wahesabu na hiyo misokoto.