Jinsi Chumvi Ilivyotengwa na Maji

Mtu akaaye pwani huyaona maji asubuhi na jioni, na hata hivyo aweza kufa kwa kiu mbele yake. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na figo za binadamu haziwezi kuitoa mwilini ila kwa kutumia maji mengi kuliko yale aliyokunywa. Tangu kale mabaharia waliijua dawa moja, nayo ni kuyachemsha maji na kuukusanya mvuke wake. Dawa hiyo ni njema, lakini hula kuni nyingi mno. Njia nyingine, ambayo leo hutumiwa viwandani katika nchi nyingi, haihitaji moto hata kidogo. Chanzo chake ni kipande cha kibofu.

Mwaka 1748, huko Ufaransa, kasisi mmoja aliyekuwa pia mwalimu wa fizikia, jina lake Jean-Antoine Nollet, alitaka kuhifadhi spiriti ya mvinyo isiguswe na hewa. Akaijaza katika chupa, akaufunga mdomo wa chupa kwa kibofu cha mnyama, akaizamisha ndani ya maji. Baada ya saa chache alikuta kibofu kimevimba na kukazana kama ngozi ya ngoma. Alipokidunga kwa pini, kioevu kiliruka juu. Maji yalikuwa yamepenya na kuingia ndani. Nollet hakuridhika. Akageuza mambo, akatia maji chupani na spiriti nje, na safari hii kibofu kikabonyea kwa ndani. Kwa maoni yangu, jaribio hili la pili ndilo lenye thamani zaidi, kwa maana mtu yeyote aweza kuona ajabu, lakini si kila mtu hurudi kuihoji.

Mpishi anyunyiziaye chumvi vitunguu vya kachumbari huliona jambo hilo hilo kila siku: vitunguu hutoa maji, vikalegea. Maji hupenda kupita katika utando kutoka upande usio na chumvi kwenda upande wenye chumvi. Wataalamu waliuita mwendo huo osmosisi. Katika miaka ya 1880, Mholanzi Jacobus van 't Hoff alionyesha jinsi ya kuihesabu nguvu yake, na mwaka 1901 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hesabu hiyo, maji ya bahari huyavuta maji matamu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita 270 hivi. Jumba la Mikutano la Kenyatta jijini Nairobi lina kimo cha mita 105. Basi fikiri majumba mawili na nusu ya namna hiyo, moja juu ya jingine, yote yamejaa maji.

Hapa ndipo lilipo wazo lenyewe. Ukiyasukuma maji ya chumvi kwa nguvu inayopita ile, mwendo hugeuka. Maji huiacha chumvi nyuma, yakapita upande wa pili yakiwa matamu. Huku ndiko kuitwako osmosisi kinyume.

Jambo hili likiisha kueleweka, twaweza kudhani kwamba ilibaki kazi ya pampu tu. Sivyo. Taabu kubwa ilikuwa utando. Mwaka 1952 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kugharimia utafiti wa maji ya chumvi, na miaka michache baadaye, huko Florida, Charles Reid na mwenzake Breton wakagundua kwamba selulosi asetati, kitu kitengenezwacho kwa nyuzi za pamba au miti, huizuia chumvi vizuri sana. Lakini maji yalitoka tone kwa tone. Utando mnene haukupitisha maji ya kutosha. Mwembamba mno ulipasuka kwa nguvu ya pampu.

Fundo hili lilifunguliwa na watu wawili katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles: Sidney Loeb, Mmarekani, na Srinivasa Sourirajan, mzaliwa wa India. Walikuwa wakijaribu utando ulionunuliwa tayari, wakiupasha moto ndani ya maji, nao ukawatatiza. Upande mmoja ulipoelekezwa kwenye maji ya chumvi, chumvi ilizuiwa. Ulipogeuzwa, chumvi ilipita. Wangeweza kuutupa kwa kuudhania mbovu. Badala yake waliuliza ni kwa nini nyuso mbili za kitu kimoja zitofautiane, wakatambua kwamba upande mmoja umeshikana kuliko mwingine. Basi wakaanza kutengeneza utando wao wenyewe wa namna hiyo. Waliyeyusha selulosi asetati, wakaitandaza juu ya kioo, wakauacha uso wake ukauke kidogo tu, kisha wakaizamisha katika maji baridi sana, na mwisho wakaipasha moto ndani ya maji. Ukapatikana utando wenye ngozi isiyofika sehemu moja ya elfu ya milimita, iliyobebwa na mwili mnene wenye matundu mengi kama sponji. Ngozi iliizuia chumvi, mwili ukaistahimili pampu. Maji yakatoka mara kumi hivi ya yale ya kwanza. Hayo yalikuwa karibu na mwaka 1960.

Mwaka 1965 mtambo wao ulianza kazi Coalinga, mji wa mafuta huko California ambao maji ya ardhi yake yalikuwa na chumvi, hata wenyeji walipata kuletewa maji ya kunywa kwa gari moshi.

Katika miaka ya 1970 John Cadotte, pia Mmarekani, alitengeneza ngozi ya poliamidi, na hiyo ndiyo itumiwayo hasa leo. Ina udhaifu mmoja: huharibiwa na klorini. Kwa hiyo katika kiwanda cha siku hizi maji ya bahari kwanza huchujwa kwa mchanga, yakaondolewa klorini kama ilitiwa, ndipo yakasukumwa na pampu kubwa ndani ya mabomba ambamo karatasi za utando zimekunjwa kama mkeka. Yatokayo huongezwa chokaa kidogo, kwa kuwa maji yasiyo na madini hula mabomba.

Umeme ndio gharama iumizayo. Maji yanayobaki na chumvi hutoka yakiwa bado na nguvu nyingi, ambayo zamani ilipotea bure. Sasa vyombo maalumu huinyang'anya nguvu hiyo na kuyapa maji yaingiayo. Kwa njia hiyo lita 1,000 za maji matamu huhitaji yuniti 3 au 4 za umeme. Oman na jirani zake wa Ghuba hutegemea mitambo ya namna hii kwa kunywa. Kwetu, mwaka 2018, shirika la GivePower la Marekani lilijenga Kiunga, kaskazini ya Lamu, mtambo mdogo uendeshwao kwa jua, wa kutoa hadi lita 75,000 kwa siku.

Lakini katika kila lita 100 zivutwazo baharini, hupatikana 40 hadi 50 tu za kunywa. Zilizobaki, zenye chumvi karibu maradufu, hurudishwa. Maji hayo ni mazito. Yakimwagwa ufuoni hushuka chini na kutambaa juu ya nyasi za bahari, wazaliapo samaki. Ndiyo sababu bomba la kuyarudisha hupelekwa mbali, penye mkondo wenye nguvu, na ncha yake hutobolewa matundu mengi ili yachanganyike upesi.