Kipande, kitambulisho na kaunta ya loji

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenisonga. Wiki jana nilikuwa Kachibora, na kwa wasiopajua, ni mji mdogo mashariki ya Kitale, njia ya kwenda milima ya Cherangany. Mama mmoja mwenye loji aliniita nimwangalizie kompyuta yake (walimu wangu wa Kiswahili wangetaka niseme tarakilishi) kwa sababu ilikuwa imejaa hadi haikubali kuhifadhi chochote.

Nilidhani ni filamu. Kumbe ni folda moja ya picha za vitambulisho vya wageni, mbele na nyuma, kuanzia 2016. Haina nywila, na kompyuta yenyewe iko kaunta, kila mfanyakazi wa zamu huitumia. Picha zimepewa majina ya wageni, basi kwa mchezo tu nikaandika langu. Nikajikuta. Nililala pale 2017 nilipokuja matanga.

"Mama, hizi zote ni za nini?"

"Kijana wangu, si ni serikali inataka?"

Swali hilo halijanitoka kichwani tangu siku hiyo, na jibu lake inabidi tulitafute mbali kidogo.

Kitambulisho cha Kenya hakikuanza kama kitu cha kumfaa mwenye kukibeba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wengi waligawiwa ardhi hapa Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale 1926. Mashamba yalihitaji vibarua, na vibarua walikuwa na tabia moja iliyowaudhi mabwana: wakipunjwa, waliondoka. Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kuelekea 1920. Mwanamume Mwafrika alipewa karatasi ndani ya kikopo cha chuma, akakivaa shingoni kwa kamba. Ndicho kipande. Kilikuwa na jina lake, kwao, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachia, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai.

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu nasisimka, samahani kwa neno hilo. Ujanja haukuwa kwenye kikopo. Ungeweza kukitupa mtoni ukaomba kingine kwa jina jipya. Ujanja ulikuwa nakala iliyobaki Nairobi, yenye alama za vidole, ambayo karani aliweza kuipekua na kusema huyu ndiye yule wa shamba fulani. Ni hifadhidata kamili, miongo kadhaa kabla ya kompyuta kufika nchini. Uzito wa mfumo ulikuwa kwa aliyebaki na nakala.

Watu hawakukaa kimya. Harry Thuku alipoanza kuhutubia 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa, na alipokamatwa Machi 1922 polisi waliwapiga risasi waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Mwaka 1947 sheria ikabadilishwa, uandikishaji ukawa wa watu wa rangi zote. Wanawake waliingizwa 1978. Kikopo kilikwisha, lakini jina halikufa: panda matatu hapo Kachibora uwasikilize wazee, bado wanasema "sina kipande".

Sasa turudi kwenye loji. Mwenye nyumba ana haki ya kujua anayelala kwake ni nani. Sibishani na hilo. Lakini kutazama kitambulisho na kubaki na picha yake ni mambo mawili. Waingereza, walewale waliotuvisha kikopo, kwao wenyewe wana amri ya 1972 inayozitaka hoteli ziandike jina kamili na uraia wa mgeni, basi, na kuweka rejista hiyo angalau miezi 12. Wageni kutoka nje huongeza namba ya pasipoti na wanakoelekea. Ni kuandika tu. Na hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue kile tu unachokihitaji, na usikae nacho kuliko inavyohitajika. Kanuni za 2021 zinataka biashara za hoteli na malazi zijisajili kwa Kamishna wa Data hata kama ni ndogo. Mama alishtuka kusikia hilo.

Kama mnadhani tatizo ni loji za vijijini tu, kumbukeni Marriott. Mwishoni mwa 2018 walitangaza kwamba wezi walikuwa ndani ya mfumo wa Starwood tangu 2014. Ndani yake kulikuwa na namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 ambazo hazikuwa zimefichwa kwa msimbo wowote. Miaka minne, kampuni yenye mainjinia wa kila aina. Nasi mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa kwenye vyama vya siasa wasivyovijua, na wengi walivishuku vitabu vya wageni mlangoni mwa majengo, ambamo unaandika jina, namba ya kitambulisho na ya simu. Mimi mwenyewe nilipobonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, niliona moja nisiyoijua. Ilitoka wapi? Huenda si Kachibora. Sina njia ya kujua, na hiyo ndiyo inayonikera.

Tulikubaliana na mama: daftari la jina, namba na tarehe, lifungiwe kwenye droo, na folda ifutwe. Nikaifuta, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, nikajisikia shujaa kwa kama dakika kumi. Kisha nikamuuliza picha zilikuwa zinapigwa na nini, maana sikuona skana.

"Na simu ya yule kijana wa usiku. Alikuwa anazituma kwa WhatsApp."

Kijana aliacha kazi 2019, yuko Bungoma. Mama akampigia hapo hapo, akaweka spika. Kijana alisalimu kwa heshima, akauliza habari za loji, akasema simu ile aliiuza zamani, sokoni, kwa mtu asiyemkumbuka.