Kutoka Cheo hadi Adabu: Historia ya Neno Sista katika Wodi za Usukuma na Tafsiri Yake kwa Wanafunzi Wasemao Kichina

Mwanafunzi asemaye Kichina anapojifunza Kiingereza hukutana mapema na neno sister, na mara nyingi hulikuta limefasiriwa kwa maneno mawili: jiejie, yaani dada mkubwa, na meimei, yaani mdogo wa kike. Katika mazungumzo ya kila siku Kichina humtaka msemaji aamue. Lipo neno jiemei, lakini hilo huwataja kwa ujumla wao, aghalabu wakiwa zaidi ya mmoja. Mwingereza akisema tu kwamba ana sister mmoja, mfasiri wa Kichina hulazimika kuuliza ni nani aliyetangulia kuzaliwa, na asipopata jibu hukisia. Ugumu huu wa kwanza ni wa kiisimu na umeelezwa sana. Ugumu wa pili haujatiliwa maanani kiasi hicho: neno hilohilo humaanisha pia mtawa wa kike na muuguzi mkuu wa wodi. Maana hizi mbili haziwezi kupatikana kwa kuchunguza mfumo wa undugu wa Waingereza. Zilitokana na taasisi, na taasisi hizo zilifika Afrika Mashariki zikiwa tayari zimelibeba neno. Makala haya yanaifuatilia safari hiyo hadi Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ambako historia ya neno hilo inaonekana kwa namna isiyotarajiwa.

Wasemaji wa Kichina si wageni wa kufikirika katika ukanda huu. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Madaktari kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Katika miaka ya karibuni kampuni za Kichina zimepewa ujenzi wa kipande cha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, kinachopita Shinyanga, pamoja na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 na kuunganisha Mwanza na upande wa Geita. Fundi wa reli akiugua malaria na kulazwa, Kiingereza alichonacho mara nyingi ni kile cha kitabuni. Wodini husikia wagonjwa wa kila umri wakimwita mwanamke mmoja "sista". Mzee wa miaka sabini humwita hivyo binti wa miaka ishirini na mitano. Kwa kanuni ya jiejie na meimei, hapo hakuna kinachoeleweka.

Msukuma wa kizazi kilichopita naye alilitazama neno hilo kwa mshangao uliofanana na huo. Kisukuma kina neno ilumbu, linalomtaja ndugu wa jinsia tofauti na msemaji: kwa mwanamume ni dada yake, kwa mwanamke ni kaka yake. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno la asili hiyohiyo, umbu, ambalo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 lakini leo halisikiki isipokuwa kwa nadra. Kwa mantiki hiyo, mwanamke hawezi kuwa na ilumbu wa kike. Kiingereza hakijali jinsia ya anayesema wala umri wa anayetajwa. Hujali jinsia ya anayetajwa tu. Hivyo basi, Mchina na Msukuma wote wawili waliliona neno sister kuwa lina upungufu, japo kila mmoja aliona pengo lake. Jambo hili lina uzito, kwa sababu linaondoa dhana iliyozoeleka kwamba Kiingereza ndicho kipimo cha kawaida na lugha nyingine ndizo zenye utata.

Swali la Kolandoto ni hili: neno lilifikaje? Hospitali ya Kolandoto ilianzishwa mwaka 1913 na Africa Inland Mission, shirika la Kiprotestanti lenye chimbuko Marekani, ambalo kazi yake ndiyo iliyozaa Kanisa la AIC Tanzania. Shirika hilo halikuwa na utawa. Aidha, Wamarekani hawakuwa na desturi ya kumwita muuguzi mkuu wa wodi sister. Kwao alikuwa na jina la kawaida la kiongozi wa wauguzi. Kwa maneno mengine, hospitali hii haikuwa na sababu ya kidini wala ya kitaifa ya kulitumia neno hilo. Hata hivyo, Kolandoto haikusalimika na desturi ya nchi nzima, na mgonjwa anayelazwa huko leo huita "sista" kama anavyoita mgonjwa wa Sengerema au wa Bugando, hospitali zilizoanzishwa na Kanisa Katoliki.

Mlango wa kidini ndio unaotajwa kwanza, lakini haukuwa mlango mkuu. Watawa wa kike wa Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Masista Weupe, walifika Ushirombo, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Geita, katika miaka ya 1890. Hao walisema Kifaransa. Utawala wa wakati huo ulikuwa wa Wajerumani, ambao nao humwita muuguzi na mtawa kwa neno moja, Schwester. Kiswahili kilichukua shule kutoka Kijerumani, Schwester hakikulichukua. Neno lenye umbo la Kiingereza lilikuwa na watumiaji wake wa mapema Zanzibar, ambako Askofu Frank Weston aliunda shirika la watawa wa Kianglikana mwaka 1911, lakini Zanzibar ni mbali na Usukuma. Kuwaita watawa wote sista, hata wale wasiosema Kiingereza, ni jambo lililowezekana baada tu ya Waingereza kushika nchi kufuatia vita vya 1914–1918.

Mlango mkuu ulikuwa Idara ya Afya ya Tanganyika. Katika hospitali za London, hasa St Bartholomew's na St Thomas's, jina sister lilibaki tangu enzi za nyumba za watawa, hata baada ya Henry VIII kuzifunga katika miaka ya 1530. Utawa ulikwisha, cheo kikabaki. Cheo hicho kililetwa na serikali ya kikoloni, nacho kilikuja na mpaka wa rangi. Sister katika hospitali ya serikali alikuwa mwanamke wa Kizungu aliyeajiriwa kutoka ng'ambo. Mwafrika aliyefunga vidonda aliitwa dresa, na kwa miaka mingi alikuwa mwanamume. Neno ambalo kwa tafsiri ya moja kwa moja lingepaswa kumaanisha ndugu lilitumika, katika orodha za mishahara, kumtenga mtu na wale aliofanya nao kazi. Kinaya hiki hakimo katika kamusi yoyote ya wanafunzi, wala si rahisi kukiingiza humo. Lakini bila kukijua, maana ya leo haielezeki.

Hospitali za misheni hazikuwa nje ya mfumo huo. Vyeti vya wauguzi vilitambuliwa na serikali, mitihani ilifuata mtindo wa Uingereza, na wauguzi walihama kati ya hospitali za misheni na za serikali. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940 si mbali na Kolandoto, uliongeza wasemaji wa Kiingereza katika wilaya hiyo. Hata hivyo, kukipa Kiingereza cha mgodini uzito mkubwa kungekuwa kutia chumvi. Cheti kilikuwa na nguvu kuliko mazungumzo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 wanawake wa Kiafrika walikikalia cheo hicho kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo neno lilipogeuka. Lilipokuwa la Mzungu, lilikuwa cheo; lilipokuwa la binti wa jirani, likawa heshima, na wagonjwa wakalipanua limfae muuguzi yeyote wa kike, awe na cheo au asiwe nacho. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, anwani rasmi ya nchi ilikuwa ndugu, neno lisilobagua jinsia wala umri, ambalo Mchina wa wakati huo angelielewa mara moja kwa tongzhi yake. Lakini ndugu halikumwondoa sista wodini. Kumwita muuguzi "dada" nako hakukutosha, kwani dada ni pia muuza duka na mfanyakazi wa nyumbani, na muuguzi anayeitwa hivyo aweza kuhisi amepunguziwa elimu yake. Neno la kigeni lililinda kile ambacho neno la nyumbani lilikuwa limekipoteza.

Historia ya China ilifuata njia nyingine, na tofauti hiyo ndiyo imfaayo mwalimu. Mwaka 1914, katika mkutano wa chama cha wauguzi uliofanyika Shanghai, Zhong Maofang, muuguzi aliyesomea Uingereza, alipendekeza neno hushi, na likakubaliwa. Hu ni kutunza na kulinda; shi ni mtu msomi. Kiongozi wa wodi ni hushizhang, na mtawa wa Kikatoliki ni xiunü, neno jingine kabisa. Zhong aliijua sister ya Waingereza kutokana na masomo yake, lakini neno lililopatikana liliegemea elimu, si undugu. Hong Kong, iliyotawaliwa na Uingereza kama ilivyokuwa Tanganyika, haikufuata Shanghai katika kuita: huko mgonjwa humwita muuguzi guniang, yaani bibie au binti, kwa matamshi ya Kikantoni. Maneno matatu, basi, kwa mwanamke mmoja mwenye sindano mkononi: msomi, binti, sista.

Kwa hiyo mwanafunzi asemaye Kichina aliyeko Shinyanga hafaidiki kwa kuambiwa kwamba sista ni jiejie. Akilifasiri hivyo atadhani wagonjwa wanadai undugu, ilhali wanatambua taaluma. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni hushi, kwa kuwa maneno yote mawili humpa muuguzi hadhi, ingawa moja limechota katika usomi na jingine katika cheo cha kikoloni kilichosahaulika. Zipo sehemu ambako hata hilo halitoshi. Mitaani "sista" humwelekea msichana yeyote wa mjini, tena wakati mwingine kwa mzaha, na hapo hushi haina nafasi.

Mahali ambapo maneno haya yanaachana kabisa ni kwa muuguzi wa kiume. Hushi humfaa bila marekebisho. Sista haimfai, na bruda imekwisha kuchukuliwa na watawa. Wagonjwa wengi wamelitatua jambo hilo kwa kumwita daktari, hata pale anapowasahihisha. Matokeo yake ni kwamba wauguzi wawili wenye cheti kimoja, wakiwa zamu moja, huitwa kwa majina yenye ngazi tofauti. Na mgeni anayejifunza lugha kwa kusikiliza, akiwa kitandani, huondoka akiamini kwamba katika wodi ile mwanamke alikuwa msaidizi wa mwanamume.