Nyumba ya Wahabeshi Katika Roma

Mzazi anayempeleka mtoto wake kusoma mbali hujiuliza maswali matatu. Atalala wapi? Atakula pamoja na nani? Na siku akiugua, nani atakaa kando ya kitanda chake? Maswali ya masomo yenyewe huja nyuma.

Maswali hayo si mapya. Waafrika waliofika Roma zaidi ya miaka 500 iliyopita walikutana nayo, nao wakayajibu kwa kuwa na nyumba yao. Watu hao ni Waethiopia, ambao zamani waliitwa Wahabeshi. Tusimulie leo habari za nyumba yao, kwa maana wengi wetu hatuzijui, na zinatuhusu sisi tulio na watoto katika shule za mbali.

Kanisa dogo nyuma ya kanisa kubwa

Mtu akilizunguka Basilika la Mtakatifu Petro katika Vatikani mpaka nyuma, ataona kanisa dogo la zamani sana. Linaitwa Mtakatifu Stefano wa Wahabeshi. Basilika kubwa tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1506, na lile la kwanza likabomolewa kidogo kidogo. Lakini kanisa dogo la Mtakatifu Stefano halikubomolewa. Lilikuwapo kabla ya Basilika jipya, na lipo hata sasa.

Waethiopia walifikaje huko? Tangu zamani watawa wao walikuwa na makao Yeruzalemu, kwa sababu Waethiopia wanapenda sana kuhiji Nchi Takatifu. Mwaka 1441 wajumbe wao walitoka Yeruzalemu wakaenda Italia, katika mtaguso mkuu uliokutana Firenze, wakapokewa na Papa Eujeni IV. Fundi Filarete aliwachonga wageni hao wa Afrika katika milango ya shaba ya Basilika, na milango hiyo bado ipo.

Baada ya hao wakaja wengine, mmoja mmoja, wawili wawili. Walikuwa mahujaji, na safari ilikuwa ndefu: jangwa, Misri, Yeruzalemu, kisha bahari. Walifika wamechoka, hawajui Kiitaliano wala Kilatini. Basi, karibu na mwaka 1480, Papa Siksto IV aliwapa kanisa la Mtakatifu Stefano pamoja na nyumba iliyokuwa kando yake. Tangu siku hizo Mhabeshi aliyefika Roma alijua mlango wa kubisha. Ndani alikuta mtu wa kumjibu kwa lugha yake, chakula, na mahali pa kusali kwa desturi ya baba zake.

Wazee husema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Katika nyumba ile mgeni wa jana ndiye aliyekuwa mwenyeji wa leo. Aliyepokewa mwaka huu, mwaka ujao alimpokea mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yao.

Mjerumani aliyesikia zaburi

Siku moja padri Mjerumani, jina lake Johannes Potken wa mji wa Köln, aliwasikia watawa hao wakiimba sala zao katika Roma. Hakuielewa lugha. Lakini katikati ya maneno asiyoyajua alitambua majina ya Bikira Maria na ya watakatifu. Akatamani kuijua. Mtawa mmoja wa nyumba ile, Tomas Walda Samuel, akamfundisha. Mwaka 1513 Potken akapiga chapa Zaburi katika lugha ya Kigeezi, ambayo ni lugha ya sala ya Waethiopia. Ndicho kitabu cha kwanza cha Kigeezi kilichopigwa chapa popote duniani.

Angalieni jambo hili. Watu wa Ulaya walizoea kufikiri kwamba Mwafrika huenda kwao kujifunza tu. Kumbe wale watawa walikuwa wanafunzi na walimu pamoja. Walijifunza Kilatini na Kiitaliano, nao wakawafundisha Wazungu lugha yao. Lakini wangefundisha nini kama wangalitawanyika, kila mtu katika chumba chake, na kuacha kusali kwa lugha yao? Potken aliwasikia kwa sababu walisali pamoja.

Mtu aliyeogopa vitabu visipotee

Mwaka 1529 vita vikubwa vilianza katika Ethiopia. Ahmad Gragn, mkuu wa jeshi la Waislamu kutoka upande wa mashariki, aliishambulia nchi. Makanisa mengi yalichomwa moto, na vitabu vya mkono vilivyokuwa ndani yake vikateketea. Mwaka 1531 monasteri mashuhuri ya Debre Libanos ikachomwa. Vita hivyo vilikoma tu Gragn alipouawa mwaka 1543.

Mtawa mmoja wa Debre Libanos, Tasfa Seyon, alifika Roma katika miaka hiyo ya taabu. Waitaliano walimwita Petro Mhabeshi. Alikuja na vitabu vya nchi yake. Kwa kitabu cha mkono, kikiungua hicho kimoja, maneno yake yamekwisha. Lakini kitabu kilichopigwa chapa kina ndugu wengi. Basi akakusudia kupiga chapa Agano Jipya lote katika Kigeezi.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wenzake wawili wa nyumba ya Mtakatifu Stefano walimsaidia. Papa Paulo III na Kardinali Marcello Cervini, ambaye baadaye alikuwa Papa Marselo II, waliwasaidia pia. Wapiga chapa walikuwa Waitaliano wasioweza kusoma hata herufi moja ya Kigeezi, na watawa hawakujua kazi ya mashini. Hivi kila upande ulishika mkono wa mwenziwe, kama vipofu wawili wanaovuka mto. Kitabu kilitoka mwaka 1548 na 1549, na ndani yake watawa waliwaomba wasomaji wawasamehe kwa makosa yaliyobaki.

Tasfa Seyon hakurudi kwao. Miaka michache baada ya kazi hiyo alikufa akiwa Tivoli, karibu na Roma, na akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Stefano. Hakuwa peke yake: makaburi ya Waethiopia wengine yamo humo, na mawe yake yana maandiko. Kufa ugenini ni uchungu. Lakini ni nafuu kuzikwa na watu wanaojua jina lako na wanaokuombea kwa lugha yako.

Hapa sisi wa Kongo tunaweza kumkumbuka mzee wetu Antonio Manuel Ne Vunda. Mfalme Alvaro II wa Kongo alimtuma kwa Papa mwaka 1604. Njia yake ilichukua miaka mingi, na wengi wa wenzake walikufa safarini. Alifika Roma mwanzo wa Januari 1608, mgonjwa sana. Papa Paulo V alimwendea kitandani, naye akafa baada ya siku chache tu, akazikwa katika Basilika la Maria Mkuu. Papa alimpa heshima kubwa, lakini nyumba ya Wakongo haikuwapo Roma.

Abba Gorgoryos na mwanafunzi wake

Baada ya miaka mia moja hivi, nyumba ile ilimpokea Abba Gorgoryos, padri wa Kiamhara. Alikuwa ameshikamana na Wakatoliki, na mfalme Fasilides alipowafukuza mapadri Wayezuiti, naye alitoka katika nchi yake. Mwaka 1649 kijana Mjerumani Hiob Ludolf alibisha katika mlango wa Mtakatifu Stefano, akiomba kufundishwa. Mwanzoni kusikilizana kulikuwa kazi, kwa maana Ludolf alikuwa amejifunza Kigeezi katika vitabu tu. Gorgoryos hakumfukuza. Mwaka 1652 alikubali hata kwenda Ujerumani, katika mji wa Gotha, ili waendelee na kazi.

Ludolf alikuwa Mprotestanti, Gorgoryos Mkatoliki. Walibaki marafiki. Vitabu vya Ludolf juu ya lugha na historia ya Ethiopia viliwafundisha watu wa Ulaya kwa miaka mingi, na msingi wake ni maneno ya Gorgoryos. Yeye mwenyewe alikufa baharini mwaka 1658, merikebu ilipovunjika, akiwa anajaribu kurudi kwao.

Nyumba mpya na siku za vita

Baadaye mahujaji walipungua, na nyumba ile ikakosa watu wake. Lakini haikusahauliwa. Mwaka 1919 Papa Benedikto XV aliifanya kuwa seminari ya vijana wa Ethiopia na Eritrea. Papa Pio XI akawajengea nyumba mpya katika bustani za Vatikani, na mwaka 1930 akaithibitisha kwa barua yake. Masomo waliyafuata katika vyuo vikuu vya Ekleziya mjini. Jioni walirudi kwao, wakasali kwa Kigeezi. Mwaka huohuo wa 1930 Kidane Maryam Kassa alipewa daraja ya uaskofu kwa ajili ya Wakatoliki wa Eritrea wanaofuata liturujia ya Kiethiopia.

Kisha likaja jaribu kubwa. Oktoba 1935 jeshi la Italia liliingia Ethiopia, na Mei 1936 likatwaa Addis Ababa. Mwezi wa Februari 1937 watu wengi waliuawa katika mji huo. Mwezi wa Mei watawa wa Debre Libanos, monasteri ileile ya Tasfa Seyon, walipigwa risasi. Eritrea ilikuwa koloni la Italia, na vijana wake walitiwa katika jeshi hilo kupigana na Waethiopia. Na nyumba ya Vatikani iliwekwa kwa ajili ya watoto wa pande zote mbili! Nje ya kuta za Vatikani watu wa Roma walishangilia ushindi. Fikirini, wasomaji, ni moyo wa namna gani unaotakiwa ili kukaa meza moja siku kama hizo.

Jaribu hilo lilirudi. Eritrea ilipata uhuru mwaka 1993, na toka 1998 mpaka 2000 nchi hizo mbili zikapigana vita vikali kwa ajili ya mpaka. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mwaka 2000, lakini nchi hizo zilitangaza urafiki mwaka 2018 tu. Mwezi wa Januari 2020, Papa Fransisko aliwapokea mapadri wa nyumba ile kwa sababu ya kutimiza miaka 100 tangu 1919. Mbele yake walikuwa Waethiopia na Waeritrea pamoja. Mpaka wa nchi ulifungwa kwa miaka mingi, lakini nyumba ile ilibaki ya wote wawili.

Desturi tatu za nyumbani

Wengine watasema: «Wale walikuwa watawa, wanafunzi wa kawaida hawawezi.» Sivyo. Katika Ethiopia kuna desturi tatu ambazo watu wake huzichukua popote waendapo. Ya kwanza ni mahber: watu hukutana kila mwezi kwa heshima ya mtakatifu wao, wakasali na kula pamoja, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Ya pili ni equb: kila mtu hutoa fedha, na mmoja huzichukua zote kwa zamu, kama likelemba yetu hapa Kongo. Ya tatu ni iddir: watu huweka akiba pamoja kwa ajili ya msiba, ili asiwepo anayezikwa bila watu.

Mwaka 1974 mfalme Haile Selassie aliondolewa katika kiti chake, na mauaji yakafuata. Wanafunzi wengi waliokuwa Ulaya na Marekani hawakuweza kurudi. Waliodhani wamekwenda kwa miaka minne walijikuta wameondoka kwa maisha yote. Fedha za kusomea zilikatika, barua za nyumbani zikawa chache. Desturi hizi tatu zikavuka bahari pamoja nao: walikula pamoja, walichangiana, walizikana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tujifunze nini?

Wasomaji wapendwa, nasi tunao watoto wanaosoma Lubumbashi, Kinshasa, Kampala, hata Ulaya. Tunatafuta fedha za shule kwa taabu, tunamnunulia kijana viatu na sanduku, tunamsindikiza mpaka gari linapoondoka. Kisha tunafikiri kazi yetu imekwisha. Lakini mara ngapi tumesikia kwamba mtoto wa fulani aliugua wiki mbili katika chumba cha kupanga, na watu wa kwao, waliokaa barabara ya pili, hawakujua?

Haitupasi kungoja nyumba kubwa. Wahabeshi walianza na watu wachache na kanisa dogo. Kila parokia iandike majina ya wanafunzi wake walio mbali, mahali wanapokaa, na iwajulishe wao kwa wao. Nao wanafunzi wakutane walau mara moja kwa mwezi: wasali kwa lugha ya nyumbani, waazimane vitabu, waweke franka chache kwa ajili ya mgonjwa. Yule wa mwaka wa tatu amngojee yule wa mwaka wa kwanza penye kituo cha gari. Na tusiulize kwanza kabila la mgeni. Ikiwa watoto wa nchi mbili zilizopigana waliweza kukaa nyumba moja, sisi tulio wa nchi moja tutatoa udhuru gani?

Bwana Yezu mwenyewe atatuambia siku ya mwisho kama tulimpokea alipokuwa mgeni. Tuwaombee watoto wetu walio mbali, na wale wote wanaowafungulia mlango.